Umetoka Dar na stenti, ulichomwa heparini: jinsi ya kufuatilia chembe sahani ukiwa Mtwara au Lindi

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale dirishani kwetu maabara. Mtu kashuka basi la Dar juzi, kawekewa stenti, ile bomba ndogo ya kushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ana aspirini na klopidogreli, vidonge vya kuzuia stenti isizibe, kwenye mfuko wa dawa, na kule wodini alichomwa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande. Sasa yuko nyumbani Mikindani au Nachingwea na ndugu wamemzunguka: eti zile sindano mwili unaweza kuzikataa? Mbona mguu umevimba? Eti chembe sahani zimeshuka, tuache vidonge?

Jibu ni ndiyo, mwili unaweza kuikataa heparini. Haitokei kwa wengi, ila ikitokea ni hatari, na ubaya wake ni kwamba siku zake za kutokea mara nyingi zinamkuta mgonjwa ameshafika huku kwetu Kusini, mbali na daktari aliyemchoma. Ndio maana nataka wewe mwenyewe au mtu wa nyumbani mjue cha kufanya.

Nadharia kidogo tu halafu tuendelee. Heparini ikiingia inajishika na protini inayotoka kwenye chembe sahani, zile chembe zinazogandisha damu, sisi maabara tunaziita pleteleti. Kwa watu wachache kinga ya mwili inauona huo mchanganyiko kama adui, inatengeneza antibodi, yaani protini za kujikinga, na hizo antibodi zinaziamsha chembe sahani zenyewe. Zinashikana, zinatumika, namba yake kwenye karatasi inashuka, na wakati huo huo damu inaganda ndani ya mishipa. Madaktari wanaita HIT, kumbuka hizo herufi tatu. Kwa hiyo hapa kushuka kwa chembe sahani hakumaanishi sana kwamba utatoka damu, kunamaanisha damu inaweza kuganda mahali pabaya. Hili ndilo watu wengi hawalijui, hata baadhi ya watumishi wenzetu.

Na usijidanganye kwamba kwa vile unameza aspirini na klopidogreli uko salama. Aspirini inafunga mlango mmoja, klopidogreli inafunga wa pili, hizi antibodi zinapita mlango wa tatu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, yote, kurasa zote, siyo ile ya mwisho tu yenye tarehe ya kliniki.
- Majibu ya FBP (ile ful bladi pikcha) ya siku uliyolazwa, kabla ya heparini. Hili ni la lazima kuliko yote.
- Orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za maduka ya dawa na za kienyeji.
- Kalenda na kalamu. Simu inatosha, ila karatasi ukutani kila mtu nyumbani anaiona.
- Namba ya simu ya wodi au kliniki iliyokutibu. Iombe kabla ya kutoka getini.
- Hela ya kipimo au kadi ya bima, na nauli ya dharura ikae pembeni isiguswe.

Hatua ya 1: Jua kama kweli ulipewa heparini, na ya aina gani

Wagonjwa wengi hawajui. Waulize nesi au daktari kabla ya kuruhusiwa: "Nilipewa heparini? Ya mshipani au ya tumboni? Ilianza tarehe ngapi, ikaisha lini?" Ya mshipani inakwenda kwa dripu au sindano ya haraka kwenye kanula. Ya tumboni mara nyingi ni enoksaparini, wengi wanaijua kwa jina la Clexane, sindano ndogo iliyojazwa tayari. Zote zinaweza kuleta HIT, ila ile ya mshipani ya kawaida inaleta zaidi kuliko enoksaparini.

Waliozibuliwa mshipa wa moyo karibu wote hupewa heparini kule chumba cha kuzibulia moyo hata kama hawakuambiwa. Wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo huipata karibu kila mara wanapounganishwa kwenye mashine. Na kuna heparini kidogo inayotumika kusafishia mirija ili isizibe, nayo inahesabika, usiidharau.

Muulize pia swali la pili: je, katika miezi mitatu iliyopita nimewahi kupewa heparini? Kama ndiyo liandike kwa herufi kubwa, sababu utaiona hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Siku ya kwanza kupewa heparini iite siku 0. Chora kwenye kalenda. HIT ya kawaida inaanza kati ya siku ya 5 na ya 10, kwa hiyo dirisha la kuangalia ni siku ya 4 mpaka ya 14. Kwa wachache inachelewa, inakuja hata wiki ya tatu wakati heparini ilishaachwa zamani, mtu kashasahau kabisa.

Kama ulipewa heparini ndani ya siku 30 zilizopita, au hata ndani ya siku 100, antibodi zinaweza kuwa bado zipo kwenye damu, na hapo chembe sahani zinashuka ndani ya siku moja tu ukichomwa tena. Mtu wa hivi hasubiri siku ya 5, anapimwa mapema.

Angalia sasa hesabu inavyokwenda kwa mtu wetu wa Kusini. Kalazwa Jumatatu, heparini siku hiyo hiyo, stenti Jumanne, karuhusiwa Alhamisi, Jumamosi kapanda basi, zaidi ya kilomita 500 mpaka Mtwara. Jumapili anaamka nyumbani, ni siku ya 6. Yaani hatari inafungua macho yeye anasalimiwa na majirani.

Hatua ya 3: Jua uko kundi gani

Siyo kila mtu anatakiwa kupimwa mara kwa mara, sitaki umalize hela bure. Aliyepewa heparini mara moja tu wakati wa kuzibuliwa mshipa hatari yake ni ndogo. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, wa moyo au wa mifupa, halafu akapewa heparini ya mshipani siku nyingi, yeye ndiye yuko juu, na kwake chembe sahani hupimwa kila baada ya siku mbili tatu kuanzia siku ya 4 mpaka ya 14 au mpaka heparini iachwe. Aliyeruhusiwa na sindano za tumboni aendelee kuchomwa zahanati au nyumbani yuko katikati.

Muulize daktari swali moja la moja kwa moja: "Mimi natakiwa kupima chembe sahani nikifika nyumbani, siku zipi?" Aandike kwenye karatasi. Kama umeshatoka na hukuuliza, piga ile namba.

Hatua ya 4: Pima, na uondoke na namba

FBP inapimwa Ligula, hospitali ya kanda pale Mitengo, Sokoine Lindi, Ndanda, Nyangao na Mkomaindo Masasi, na vituo vingine vyenye mashine. Uliza kwanza kama mashine inafanya kazi siku hiyo kabla hujapoteza nauli kutoka kijijini.

Usikubali kuambiwa "damu yako iko vizuri" ukaondoka. Omba karatasi, tafuta mstari ulioandikwa PLT. Kawaida ni 150 mpaka 400 hivi, karatasi nyingine zinaandika mpaka 450. Andika namba na tarehe kwenye ile kalenda yako. Na kama unaweza pima sehemu ile ile kila mara, mashine zinatofautiana kidogo na hatutaki kubishana na mashine.

Hatua ya 5: Linganisha na ya zamani, usiangalie alama ya mashine

Hapa ndipo nataka usome polepole. Mashine inaweka alama pale tu namba inapotoka nje ya kawaida. Sasa mtu aliyeingia na 380 leo ana 160, mashine haisemi kitu, kila mtu anafurahi, na kumbe zimeshuka zaidi ya nusu. Huyo anatakiwa kuonwa leo leo kama yuko kwenye siku zile. Mwingine aliingia na 145 na leo ana 135, mashine inapiga alama, nyumba nzima inalia, na hakuna kitu hapo.

Hesabu yenyewe rahisi: chukua namba ya kwanza, igawe kwa mbili. Ukikuta ya leo iko chini ya hiyo nusu, ni hospitali sasa hivi. Ikishuka kwa theluthi mpaka nusu, pia onana na daktari siku hiyo hiyo, na kipimo kirudiwe. Baada ya upasuaji linganisha na namba ya juu kabisa iliyopatikana baada ya upasuaji, maana kwa kawaida chembe sahani huwa zinapanda siku za kupona.

HIT nyingi zinaangukia kati ya 40 na 80. Ikienda chini ya 20, daktari huwa anafikiria zaidi sababu nyingine, ingawa haiifuti HIT kabisa.

Hatua ya 6: Angalia mwili, usisubiri karatasi

Ukiona hivi ndani ya wiki tatu tangu heparini, nenda hata kama ni saa nane usiku:

- Mguu mmoja au mkono mmoja umevimba, unauma, una joto. Basi la kutwa nzima linavimbisha miguu yote miwili kidogo, hiyo hupungua ukilala. Wa kutisha ni mmoja.
- Kidole, mguu au mkono umekuwa wa baridi, umebadilika rangi, umekufa ganzi.
- Pumzi inakata ghafla, au kifua kinabana tena kama siku ile ya kwanza.
- Mdomo kwenda upande, ulimi mzito, mkono kukosa nguvu.
- Pale ulipochomwa tumboni ngozi imekuwa nyekundu ngumu au nyeusi. Alama ya bluu ndogo ni kawaida, ngozi kufa siyo kawaida.
- Ndani ya nusu saa baada ya kuchomwa heparini ukapata baridi kali, homa, moyo kwenda mbio, kifua kubana. Sindano nyingine isichomwe mpaka daktari aseme.

Hatua ya 7: Vidonge endelea navyo mpaka daktari aseme

Naomba sana hili. Stenti mpya bila vidonge inaziba, na ikiziba ghafla moyo unakosa damu. Wapo wanaoona chembe sahani zimeshuka wakaamua wenyewe kuacha aspirini na klopidogreli kwa kuogopa kutoka damu, halafu kama ni HIT kweli ndio wamejiweka katikati ya hatari mbili za kuganda kwa pamoja. Kinachotakiwa kusimama haraka ni heparini, siyo vidonge vya stenti. Vidonge ni uamuzi wa daktari baada ya kuona namba na kama unatoka damu.

Na usiongeze kitu. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani juu ya aspirini na klopidogreli zinaleta vidonda na damu tumboni. Maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, na sindano za matakoni zikatae mpaka umewaambia unatumia dawa gani.

Hatua ya 8: Ukifika hospitali sema hivi

Usiseme tu "najisikia vibaya" au "naomba kipimo cha malaria". Mtu wako aseme, mgonjwa akiwa na karatasi mkononi:

"Shikamoo dokta. Baba ana stenti, anameza aspirini na klopidogreli. Alianza heparini tarehe fulani, leo ni siku ya nane. Chembe sahani zilikuwa 260, leo ni 95. Tunaomba muangalie kama ni HIT."

Maneno hayo yanaokoa muda mwingi sana. Daktari atapiga hesabu ya pointi inayoitwa 4T: zimeshuka kiasi gani, siku ya ngapi, kuna damu iliyoganda, na kuna sababu nyingine. Pointi 0 mpaka 3 uwezekano ni mdogo, 4 na 5 wa kati, 6 mpaka 8 ni mkubwa.

Ili ujue kinachoendelea na usishangae: ikishukiwa kweli, heparini yote inasimama, hata ile ya kusafishia mirija, na enoksaparini haiwi mbadala kwa sababu ni ndugu yake. Mgonjwa bado anahitaji dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kama fondaparinaksi au rivaroksabani, kwa sababu kuacha heparini peke yake hakutoshi, na aspirini na klopidogreli hazitoshi kutibu hili. Wafarini, kidonge kingine cha kuzuia damu isigande, haianzishwi siku hizo za mwanzo, inaweza kuuwa ngozi na vidole, inasubiri mpaka chembe sahani zirudi kwenye 150 hivi. Na kuongezewa chembe sahani hakufanywi ili tu namba ipande, ni kama mtu anatoka damu vibaya. Ndugu, msiwalazimishe madaktari kwa hili.

Hatua ya 9: Ukishathibitika, beba kadi

Andika kwenye karatasi ngumu: "NILIPATA HIT, NISIPEWE HEPARINI WALA ENOKSAPARINI", mwaka, hospitali, na dawa za stenti unazotumia. Weka kwenye pochi, piga picha uwe nayo kwenye simu, na mwenzako nyumbani ajue ilipo. Antibodi hupotea kwenye damu baada ya miezi mitatu hivi, ila hiyo haikupi ruhusa ya kukaa kimya. Ukienda kufanyiwa upasuaji wowote baadaye waambie kabla, waamue wao.

Makosa ninayoyaona sana

La kwanza ni kutupa karatasi za Dar, au kuziacha kwa shemeji Mbagala. Bila namba ya mwanzo hakuna cha kulinganisha na kila kitu kinakuwa kubahatisha.

La pili ni malaria. Huku kwetu mtu akishuka chembe sahani jibu la haraka ni malaria, na kweli malaria inashusha chembe sahani, dengue pia. Kwa hiyo kipimo cha malaria kifanywe, sikatai. Ila malaria ikionekana usifunge faili hapo kama mtu yuko siku ya 5 mpaka ya 14 na mguu mmoja umevimba, vyote viwili vinaweza kuwepo kwa mtu mmoja. Na ukipewa kwinini au Septrin kumbuka kutaja, zote zinaweza kufanya kinga ya mwili iharibu chembe sahani, na hizi zinashusha kupita kiasi mpaka mtu anatoka damu puani na kwenye fizi.

La tatu, kipimo kinasogezwa mbele kwa sababu ya msimu wa korosho au msiba Newala. Ile siku ya 7 ikipita haimsubiri mtu.

Kama tatizo linatoka kwenye klopidogreli yenyewe

Hii ni nadra sana ila naitaja kwa sababu inafichwa na homa. Klopidogreli inaweza kuamsha kinga ya mwili kwa njia nyingine kabisa, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Chembe sahani zinashuka, chembe nyekundu zinakatika vipande, macho yanakuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, vidoa vidogo vyekundu au zambarau kwenye ngozi, homa, kuchanganyikiwa. Waombe maabara waangalie damu kwa darubini, tukiona chembe nyekundu zilizovunjika tunapiga simu kwa daktari hapo hapo. Matibabu yake ni kubadilisha maji ya damu kwa mashine, hiyo ni rufaa ya haraka.

Upele wa kuwasha bila dalili nyingine siyo huo ugonjwa. Mwone daktari, vipo vidonge vingine vya kubadilisha, ila usiache katikati. Mdomo au ulimi ukivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura.

Ukikwama

*Namba ni ya chini mno lakini mgonjwa yuko safi, anakula, hana kitu.* Uliza maabara kama chembe zimeshikana ndani ya chupa. Chupa yenye kofia ya zambarau ina dawa ambayo kwa watu wengine inafanya chembe sahani zigandane zenyewe, mashine inashindwa kuzihesabu. Tunaangalia kwa darubini na kurudia kwa chupa yenye kofia ya bluu. Omba hilo bila aibu.

*Zimeshuka kidogo siku ya 1 au ya 2, halafu zimepanda zenyewe.* Kuna kushuka kwa mwanzo kusikohusu kinga ya mwili, hakuna madhara. Ila kama uliwahi kupewa heparini miezi mitatu ya nyuma, rudi hatua ya 2.

*Hospitali haina kipimo cha antibodi za HIT.* Ni kawaida, hakipo kila mahali. Madaktari wanaanza kutibu kwa pointi za 4T, hawasubiri. Pointi zikiwa chache, HIT huwa ni ngumu kuwepo hata bila kipimo.

*Huna namba ya mwanzo kabisa.* Piga simu wodini wakutafutie kwenye mfumo, namba ya faili iko kwenye karatasi. Ikishindikana, pima leo na urudie kesho kutwa, mwelekeo utaonekana.

*Barabara imekatika.* Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa na watu walikwama. Mvua zikiwa kubwa usisubiri Dar, nenda hospitali ya rufaa iliyo upande wako wa barabara, waongee wao na kliniki yako kwa simu. Heparini inaweza kusimamishwa popote.

*Nasikia heparini inatoka kwa nguruwe, mimi Mwislamu.* Ni kweli, nyingi inatokana na utumbo wa nguruwe. Ongea na sheikh wako na daktari mapema kabla ya siku ya matibabu, maana hali ya dharura ina hukumu yake na daktari naye anajua kama mbadala upo. Fondaparinaksi inatengenezwa maabara, rivaroksabani pia, ila siyo kila tatizo zinafaa, hasa ndani ya chumba cha kuzibulia moyo.

*Sindano za tumboni bado zimebaki nyumbani na chembe sahani zimeshuka.* Usichome ya leo jioni kabla ya kuongea na daktari. Beba zilizobaki, mpelekee na maboksi yake aone jina na dozi.